Bahari Hatuna, Ziwa Tunalo: Kiangazi cha Nakivale na Mbarara

Wasee, mvua imekatika. Kuanzia Juni mpaka Agosti huku Isingiro, Uganda, hakuna matope, hakuna kuosha ndula kila jioni, ni vumbi jekundu tu na kabaridi ka mangware. Hiyo ndio season mbogi zinaanza kuulizana: fomu ni gani? Ukifungua simu unakuta watu wengine washajibu. Mababi wa Nairobi wako Diani, wa Dar wamevuka Unguja, kila mtu ameposti miguu yake kwa mchanga mweupe. Sisi kutoka Mbarara mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Na kwa wengi wetu, kuvuka mpaka si mambo ya kuamka na kuondoka, ni karatasi, ofisi na kungoja.

Sasa kuna wasee wakiskia hivyo wanajifungia kwa keja, wanalaumu maisha mpaka Septemba. Mi natia zii. Kujibamba si mali ya watalii, na maji mazuri si ya bahari peke yake. Hii kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walikuwa wanatoroka Rwanda. Baadaye wakaja Wacongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kuna mabuda wamezaliwa hapa, wakaoa hapa, na wajukuu wao wako hapa. Huwezi kukaa mahali miaka yote hiyo ukijua tu laini ya kupokea msaada na njia ya kisima. Mtaa ukikulea, utembee uujue.

Na enjoy yenyewe si lazima iwe ya doo mingi. Kuanzia 2023, WFP, shirika la chakula la UN, ilipoanza kugawa watu kwa makundi na wengine wakapunguziwa msaada, msoto uliingia keja nyingi. Hakuna mtu mwenye akili anakuambia uuze mahindi ya mathe ndio uende kupiga picha. Ndio maana hii stori inaanza na vitu vya bure, halafu inapanda polepole mpaka vya siku ukiomoka.

Ziwa kwanza, na uende mapema

Ziwa Nakivale ni la ukoo mmoja na Mburo na Kachera, maziwa madogo yaliyopangana kwa hii bonde mpaka maji yake yanatafuta Victoria. Mwaka 2006, Mburo na Nakivale pamoja na mafunjo yake ziliingizwa kwa orodha ya Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda ardhi oevu. Kwa lugha ya mtaa: dunia inajua hii place yetu, ndege wanaijua, ni sisi tu tunapita hapo tukicheki simu.

Rauka. Saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijashika kichwa, ukungu bado umekalia maji na mitumbwi inaanza kurudi. Hapo ndio unamwona furukombe juu ya mti amenyamaza akicheki samaki, mwari wanaelea kwa makundi, na ukiwa na bahati korongo wa taji anapita, yule yuko kwa bendera ya Uganda. Hakuna geti na hakuna mtu anakuuliza tiketi. Beba tu chai kwa chupa na chapo moja ya jana.

Halafu simama pale mitumbwi inapotua ucheki kazi. Kuna ngege, kuna mamba, yule samaki mrefu wa matope anayepumua hewa, na kuna kambare. Mama wa kambare hana haraka. Anamshika kwa kitambaa kwa sababu anateleza, anamtoa tumbo, anamuosha, halafu anamkunja mpaka mkia ufike mdomoni, anachoma kijiti kimoja kupitia hapo visiachane. Wanakuwa duara, wanapangwa juu ya waya, kuni chini, moshi unafanya kazi mpaka ngozi inakuwa rangi ya kahawa. Ukimuuliza bei huku huna kitu mfukoni, atakujua. "Mutoto yangu, kama hauna makuta, ikala tu uangalie. Kuangalia haiko na bei." Na ni kweli. Hiyo ni asubuhi nzima umepewa bure.

Kitu moja: usiingie kwa mashua ya kuvulia ukidhani ni ya kutembea. Uvuvi una leseni, nyavu za matundu madogo haziruhusiwi, na askari wa ziwa hawana mchezo. Ukitaka kupelekwa majini, ongea na mwenye mtumbwi mchana kweupe, muelewane bei kabla ya kupanda, na bila jaketi la kuogelea usipande. Luku ya picha haitakusaidia upepo ukishika saa nane.

Sahani tano, mtaa mmoja

Ukitoka ziwani na njaa, Base Camp, mtaa wa katikati ya kambi, inakungoja. Hapa ndio penye Nakivale inashinda hizo beach zote, kwa sababu hakuna hoteli ya Diani inakupa sahani tano za mataifa tofauti kwa mwendo wa dakika kumi.

Anza kwa Wasomali. Chai yao ina iliki na mdalasini, sukari haina huruma, na sambusa inatoka kwa mafuta ikikuunguza vidole. Mchana wanapika wali na nyama ya mbuzi, na pembeni ya sahani wanaweka ndizi mbivu. Mgeni anaicheki hiyo ndizi akidhani ni ya baadaye. Zii, inaliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Na Isingiro ni kwa wenyewe kwa ndizi: malori ya matoke yanatoka hapa kila siku, kwa hiyo ile ndizi kwa sahani yako imetoka shamba la jirani, mpishi katoka Mogadishu, na wewe unatoka Uvira kule Congo. Dishi moja tu hilo.

Vuka upande wa New Congo. Huko ni fufu, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakatwangika, na makayabu, samaki wa chumvi analowekwa kwanza ndio akubali kuliwa. Waethiopia wako na injera, na buna, kahawa yao, wanaikaanga mbele yako kabla ya kuisaga, harufu inakuita kutoka mbali. Warundi na Wanyarwanda wanajua maharage kuliko mtu yeyote. Na kama doo imeisha kabisa, Uganda imekuachia kikomando: chapo imekatwa vipande, madondo yamemwagwa juu. Wakenya wanaiita chapo dondo wakidhani ni yao. Ukiwa na thao chache, ongeza rolex, chapo iliyokunjwa na mayai, nyanya na kabichi ndani. Msee wa rolex kwa steji ana mkono mmoja kwa kikombe cha mayai na mwingine kwa kisu, na bado anakurudishia chenji bila kukosea.

Fanyeni hivi: mbogi ya watu watano, kila mtu ananunua sahani ya taifa ambalo si lake, mnakaa chini mnachangia. Mtaelewana na majirani kuliko semina kumi.

Mbarara, jiji la maziwa

Mbarara ni jiji rasmi tangu Julai 2020. Taksi za mangware kutoka kambini ndio poa, ukichelewa unapigwa na jua na vumbi kwa pamoja. Barabara ni ya vumbi kwanza, migomba kushoto na kulia, vilima vimekunjana, halafu mkishika lami dere anabadilisha gia na kila mtu anaamka. Vaa nguo ya rangi ya udongo ukitaka kufika ukiwa fiti. Kama umeamua white, ibebe kwa begi ubadilishe ukishafika. Makanga akikwambia "sogea kidogo, watu ni wanne wanne", usibishane, hiyo ni desturi. Elewaneni tu nauli kabla ya kuondoka.

Ukishuka, jifunze neno moja tu: "agandi". Ndio salamu ya Wanyankole, na jibu lake ni "nimarungi". Buda wa duka aliyekuwa anakucheki vibaya kwa sababu unaongea Kiswahili cha Bukavu, ukimwambia "agandi ssebo" anacheka, na hata bei inashuka.

Halafu maziwa. Hili ni jiji la ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu ambazo unajiuliza wanapitaje kwa mlango. Tafuta kale kaduka kameandikwa dairy, kana madebe ya chuma na benchi moja ya mbao. Agiza bongo, maziwa yaliyogandishwa, yanakuja kwa kikombe kikubwa yakiwa baridi na mazito. Watu wanakunywa wamenyamaza, hakuna muziki. Mnyankole anakunywa maziwa venye wengine wanakunywa soda, na ukikaa hapo nusu saa utaona boda, mwanafunzi wa chuo kikuu, mzee wa kofia na mama wa soko wakipanga foleni moja. Ukitaka kujaribu chakula chao kabisa, ulizia eshabwe, mchuzi mweupe wa siagi ya ng'ombe unaoliwa baridi, pamoja na matoke au ugali wa ulezi.

Baada ya hapo shuka ucheki mto Rwizi. Unaanzia milima ya Buhweju, unapita katikati ya jiji, halafu unaenda kulisha haya maziwa yetu ya bondeni. Kwa hiyo chupa ya plastiki ukiitupa Mbarara, usishangae ukikutana nayo nyumbani. Mto huu umeumizwa: watu wamelima mpaka kwa kingo, wamechimba mchanga, wamefyatua matofali. Na sehemu kubwa ya maji ya bomba kambini yanavutwa ziwani na kusafishwa. Ukichafua maji huku juu, ni mathe wako atayateka kule chini.

Biharwe, pale jua lilizima mchana

Kilomita kama kumi na mbili kutoka jijini, barabara ya Masaka, kuna Biharwe. Hapo kuna Igongo, kituo cha utamaduni chenye jumba la makumbusho la Ankole: vibuyu vya maziwa, mikuki, ngoma, nyumba za kizamani. Ufalme wa Ankole ulifutwa 1967 pamoja na wengine wa Uganda, na wakati wenzake walirudishwa 1993, wao mpaka leo hawajarudishiwa. Kwa hiyo ukiwa hapo unacheki vitu vya ufalme ambao unaishi kwa kumbukumbu tu. Mtu aliyeacha nyumba yake Masisi, Congo, anaelewa hiyo hisia bila kufafanuliwa.

Juu ya kilima kuna mnara wa kupatwa kwa jua. Stori yake ni kali. Mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa amevamia Nkore, ndio Ankole ya zamani, akachukua ng'ombe wengi, na akiwa njiani kurudi, hapa Biharwe, jua likazima mchana. Jeshi likashtuka, likahepa, ng'ombe wakabaki wamesimama gizani. Watu wa Nkore walipowapata wakasema hawa wameanguka kutoka mbinguni. Wanahistoria wameunganisha hiyo stori na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na mnara ulifunguliwa 2014. Panda jioni jua likielekea Rwampara, ucheki bonde lote. Picha ya hapo haihitaji kupakwa rangi.

Punda milia wa bure, na wa tiketi

Mbuga ya Ziwa Mburo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa 1983. Hakuna ndovu, na huko unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na mlinzi wa mbuga, mkicheki swala pala, pofu, nyati na punda milia. Mwaka 2015 waliletewa twiga kumi na watano kutoka Murchison Falls. Kuna safari za mashua kwa viboko na mamba wa meno, na kuna place wanakupandisha farasi uzunguke kati ya wanyama.

Hiyo ni ya tiketi. Lakini kuna ya msoto pia. Ukiwa kwa taksi ya kwenda Masaka, kaa dirishani, na mkikaribia Sanga usilale. Punda milia wanakulanga nyasi kando ya barabara pamoja na ng'ombe za watu, hawana habari na mipaka. Nimewahi kuona abiria anayerudi kutoka hospitali, uso umekunjika, akaona hao wanyama akasahau maumivu akaanza kuwahesabu kwa sauti.

Na ziwa lenyewe lina stori. Wazee wanasema kulikuwa na ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Kigarama akaota maji yatajaa bonde, akamwambia ndugu yake wahame. Mburo akalenga. Kigarama akapanda mlimani na watu wake, mafuriko yakaja, Mburo akabaki chini. Leo ziwa lina jina la aliyekataa kuskia, na vilima vina jina la aliyehama. Kwa sisi watoto wa watu waliohama mapema, hiyo si hekaya ya kulaza watoi.

Mkitaka kuingia ndani, changeni kama mbogi. Gari moja mkilijaza, gharama inagawanyika. Ulizeni ada getini au kwa ofisi ya mamlaka ya wanyamapori kabla ya safari, kwa sababu mwenyeji, mkazi na mgeni hawalipi sawa, na bei hubadilika. Tembeeni na vitambulisho.

Ya siku ukiomoka

Upande wa Sheema kuna Kitagata, chemchemi za maji moto. Ziko mbili: moja inaitwa Ekyomugabe, ya mfalme, kwa sababu mfalme wa Ankole alikuwa anaogea hapo, nyingine watu wameibatiza Mulago, jina la ile hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu wagonjwa wanakuja kukaa ndani wakiamini yanaponya. Mgongo wa mtu aliyebeba jerikeni wiki nzima unajua kushukuru hapo. Dawa za daktari usiache, lakini loweka.

Na kama moyo bado unataka kisiwa kabisa, mchanga na mawimbi, Uganda inavyo. Ssese ni visiwa themanini na vinne ndani ya Victoria. Mnaenda mpaka Masaka, mnashuka Bukakata, mnapanda feri ya kwenda Luku, kisiwa cha Bugala. Huko kuna fukwe, kuna misitu, kuna mashamba ya michikichi mpaka macho yachoke. Hiyo si ya siku moja. Panga kulala, na uanze kuweka akiba Januari.

Kaa rada

Viboko wanatoka majini jioni kutafuta nyasi, na kiboko haogopi mtu. Jua likikaribia kuzama, ondokeni ukingoni. Usioge wala kucheza kwa maji yaliyotuama kati ya majani. Konokono wa huko ndio wanabeba kichocho. Kama ulijichovya na baadaye unaanza kuwashwa au unaona damu kwa choo au mkojo, nenda kituo cha afya, kuna dawa.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakupa ruhusa ya kutembea nchini. Beba kadi yako, au karatasi ya familia, na mkikutana na karao ongea kwa heshima, onyesha, endelea na safari. Masista, msiende peke yenu kwa places za mbali, na mabeshte wa kiume, kazi yenu ni kuhakikisha wote waliotoka wamerudi, si kuhesabu nani alikutext. Na kwa ng'ombe za watu, mashamba ya watu na picha za watu, omba kwanza. Wenyeji wa Isingiro walitupokea, tusiwape sababu ya kujuta.

Kwa hiyo, mbogi yangu, kiangazi kinaisha Agosti na mvua haiulizi kama ulijibamba. Chagueni siku moja ya ziwa wiki hii, ya pili muende Mbarara mwezi ujao, na anzeni kuchanga sasa, hata kidogo kidogo. Muambie mathe unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Mchukue yule beshte ambaye hatokangi kwa keja tangu afike, ndio anahitaji zaidi ya wote. Na chupa uliyoenda nayo, urudi nayo.